Mkwe na Mkwe, Hema Moja

Fundi wa mapazia alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo machache alikuwa na mtu wa kumsemea. Duka lake lilikuwa na sehemu mbili: mbele palikuwa na kaunta, ambako mkewe alikaa na wateja, na nyuma palikuwa na cherehani, ambako yeye alikaa na vitambaa. Mteja akija na pazia mkononi huku akiwaka, akiuliza kama huyu fundi ni kipofu au ana chuki na madirisha yake, mke alimkalisha, akampa maji ya baridi, kisha akaja nyuma na kusema, "Yule mama amelipenda sana pazia lake, ila anaomba ulifupishe kidogo." Fundi akatabasamu, akafupisha. Alifanya kazi miaka mingi namna hiyo, akiamini kwamba mtaa mzima unamkubali.

Na mama mkwe ilikuwa vilevile. Mama huyo alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na ingawa alikwisha kustaafu, watu wote waliendelea kumwita Matroni, maana hakuwa amestaafu tabia. Aliingia nyumba ya mtu akapitisha kidole juu ya kabati kabla hata ya kuitikia karibu. Kati yake na mkwewe palikuwa na heshima nzito, ile ya kutotazamana usoni, ya mmoja kutoka kwa mlango wa nyuma mwingine akiingia kwa wa mbele. Hawakuwahi kugombana hata siku moja. Wangegombana vipi na hawajawahi kuzungumza? Kila neno lilipita kwa mke, na kwa mke lilitoka limeoshwa na kupigwa pasi.

Kisha mke akafariki, kwa ugonjwa uliomchukua haraka kuliko watu walivyoweza kuuelewa. Fundi akabaki na mabinti wawili, kaunta isiyo na mtu, na wateja ambao sasa walimfuata nyuma wenyewe na kumpa ukweli wake mkavumkavu. Aligundua kwamba mtaa haukuwa unamkubali kiasi hicho.

Binti mkubwa alikuwa anamaliza shule ya msingi na aliitwa Mwanasheria, kwa sababu ukimwambia akalale atakuuliza ni kwa mujibu wa nini. Mdogo alikuwa na miaka mitano na aliitwa Kasuku. Huyo hakuwa na haja ya kuelezwa sababu. Lolote lililosemwa mbele yake lilisemwa tena, kwa sauti, mbele ya yule aliyehusika. Na kwa bahati mbaya, mama yao alipoondoka, ni Kasuku aliyeangukiwa na kazi ya kubeba maneno kati ya Bibi na Baba.

"Mwambie baba yako chai imekosa sukari," Matroni alisema akiwa sebuleni.

Kasuku akakimbia jikoni. "Baba, Bibi anasema chai hii ni maji ya kunawia miguu."

"Mimi sikusema hivyo!" Matroni akapaza sauti.

"Ulisema ulipokuwa peke yako," Kasuku akajibu, na hapo hapakuwa na rufaa.

Fundi alipokea maneno ya namna hiyo kila Matroni alipokuja, na kila alipokuja moyo wake ulizidi kuingia baridi. Zamani mama mkwe alikuwa mwema. Hakuwa akipitisha wiki bila kumtumia salamu: Mama anakusalimia, Mama anauliza mgongo umepoa, Mama anasema uache kazi upumzike. Tangu msiba, hakuna salamu hata moja. Fundi alielewa hivi: mama alimvumilia kwa ajili ya binti yake, na sasa binti hayupo.

Basi shule ya watoto ikatangaza kambi ya familia. Wazazi na watoto wangelala mahemani kando ya ziwa, wapike wenyewe, waone nyota. Watoto wakaomba, na Fundi akakubali, kwa kuwa ilikuwa katika zile siku za mwanzo baada ya msiba ambapo angekubali hata kununua ngamia. Habari zilimfikia Matroni kwa njia ya kawaida. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo, Fundi akiwa amepiga magoti sakafuni akikata bitana.

"Baba, Bibi anasema hujui hata kunifunga vifungo vya sweta, sasa utanilaza porini niliwe na chui. Anasema anakuja kambini na yeye, aone kwa macho yake. Halafu tukirudi nitahamia kwake, mimi na begi langu. Anasema Dada atabaki kwako kwa sababu anajua kupika."

Mkasi ukamtoka Fundi mkononi. Alimtazama mtoto, ambaye kweli sweta yake ilikuwa imefungwa vifungo vikapishana, upande mmoja ukining'inia kama pazia lililokosewa kipimo. Alitaka kusema kitu kizito cha kiume. Alichosema ni, "Mwambie nimesikia."

Usiku huo na siku zilizofuata alilifikiria jambo la hema kuliko alivyowahi kufikiria dirisha lolote. Akinunua mahema mawili, moja la Matroni na moja lake, Kasuku atalala kwa Bibi, hilo halina mjadala; na akishalala hema la Bibi, begi lake litakuwa limekwisha fika nusu ya njia. Akinunua moja, atalala chini ya kitambaa kimoja na mama mkwe wake. Afadhali alale ndani ya cherehani. Palibaki njia moja tu: hema moja, vyumba viwili, na katikati kizuizi cha heshima kisichoonyesha wala kufunuka. Na kwa vizuizi vya vitambaa, Fundi alijiambia, mimi ndiye mwenyewe.

Jumamosi wakaenda wote dukani. Matroni alitangulia na Kasuku, Fundi akafuata nyuma kwa umbali wa adabu, na Mwanasheria akatembea katikati kama mtu anayesindikiza pande mbili za kesi.

Lilikuwa duka kubwa la vifaa vya safari, na sakafu yake nzima ilitandikwa majani ya plastiki. Juu yake mahema yalisimamishwa safu kwa safu. Muuzaji alikuwa binti mchangamfu aliyevaa kofia ya jua ndani ya nyumba, viatu vya kupandia milima, na kucha ndefu ambazo zilieleza wazi kwamba hajawahi kugongomea kigingi.

"Karibuni sana! Familia nzuri! Ni baba, mabinti, na..." Akamtazama Matroni. "Na mama mzazi?"

"Ni mama mkwe," Mwanasheria akasema.

"Mkwe." Muuzaji akashusha sauti. "Mnataka mahema mawili, basi."

"Moja," Fundi akasema.

Bwana mmoja aliyekuwa akichagua taa hapo karibu akageuka mzimamzima. "Mzee, samahani kuingilia. Nunua mawili. Ungekuwa mimi, ungenunua hata na uwanja wa katikati."

Fundi akajifanya hamnazo. Akaingia kazini. Hema la kwanza lenye vyumba viwili lilikuwa la bluu, jembamba, na muuzaji alilisifu kwa wepesi wake. Fundi akashika kitambaa cha katikati kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua, uso ukamkunjamana. Akamtuma Mwanasheria asimame upande wa pili, na muuzaji awashe tochi ya simu nyuma yake. Binti yake akatokea kwenye kitambaa mzimamzima, pua, masikio na mikono kiunoni.

"Hapana," Fundi akamnong'oneza. "Hapa nitamwona Bibi yenu mpaka anapovua meno."

Alikuwa amesahau Kasuku yuko wapi.

"Bibi! Baba anasema atakuona ukivua meno!"

Duka zima likageuka. Matroni, aliyekuwa amewapa mgongo akikagua godoro la kujaza upepo kama anayetafuta kunguni, hakugeuka. "Mwambie baba yako," akasema polepole, "kwamba meno ni yangu."

"Baba, Bibi anasema..."

"Nimesikia, mama. Nimesikia."

La pili lilikuwa na kitambaa kizito, lakini kizuizi kiliishia kwenye goti, na chini kikaacha uwazi ambao mbuzi angepita. Fundi alimweleza muuzaji kwa ukarimu kabisa kwamba pazia lisilofika chini si pazia, ni kitambaa kilichokata tamaa. La tatu lilikuwa na kizuizi kilichofungwa kwa gundi za nyuzi, zile za kubandua, na Mwanasheria alipokibandua kilitoa mlio uliomfanya yule bwana wa taa aangalie suruali yake. Matroni akatuma ujumbe kwamba katika miaka yake yote ya bweni hajawahi kuona mahali pa kulala palipotengenezwa na watu wasiolala. Fundi, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikubaliana naye kabisa, ila hakuwa na namna ya kumwambia.

Mwisho wa safu ndipo lilipokuwa. Hema la kahawia, pana kama chumba cha wageni, na mlango wake mmoja katikati ukikuingiza kwenye kiukumbi. Kushoto chumba, kulia chumba, kila kimoja na zipu yake, na vizuizi vilikuwa vya tabaka mbili vyenye bitana nyeusi. Fundi akawasha tochi. Giza. Akaisogeza. Giza tupu. Akapapasa mshono wa bitana, akaona umepigwa mara mbili, akajikuta anataka kumfahamu aliyeushona.

"Sasa hili," muuzaji akasema, "lazima mlale ndani kidogo. Hema halijulikani kwa kusimama."

Ikabidi ipangwe kama msafara wa rais. Fundi aligeuka akatazama majiko ya gesi kwa bidii kubwa mpaka Matroni alipokwisha vua viatu, kuingia chumba cha kushoto na kuvuta zipu. Ndipo naye akaingia cha kulia. Kasuku aliachwa kwenye ukumbi, kazini. Muuzaji akamchukua Mwanasheria kwenda kumwonyesha jinsi nguzo zinavyokunjwa, kwa kuwa Mwanasheria alikuwa ametaka ushahidi.

"Mwambie baba yako sakafu ni ngumu."

"Baba, sakafu ni ngumu."

"Mwambie Bibi tutaweka magodoro."

"Bibi, magodoro."

"Muulize baba yako, ukiamka usiku ukitaka kukojoa, nani atakupeleka."

Hapo jibu la Fundi lilikuwa tayari, alikuwa amelifanyia mazoezi. Lakini hakuna aliyekuja kulichukua. Akasubiri. Matroni naye akasubiri.

"Kasuku?" Matroni akaita. "Wewe Kasuku?"

Fundi akafungua zipu kidogo, akachungulia ukumbini. Mtoto alikuwa amelala chali juu ya majani ya plastiki, mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Joto la hema na shughuli za ujumbe zilikuwa zimemmaliza. Fundi akamfunika kwa koti lake, akarudi akaketi.

Matroni akakohoa. Fundi naye, kwa adabu, akakohoa. Matroni akakohoa tena kikohozi kirefu zaidi, chenye swali ndani yake. Zipu ya kushoto ikasikika ikivutwa, ikakwama. Ikavutwa tena, ikakwama palepale.

"Huyo mtoto," Matroni akauliza hewa, "amelala?"

Fundi akaangalia kitambaa cheusi kilicho mbele yake. Hakikuonyesha kitu, na yeye pia hakuonekana.

"Amelala, Mama."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mama mkwe, katika miaka yote tangu aoe.

"Zipu imekula khanga yangu."

"Usiivute kwa nguvu, Mama. Irudishe nyuma kwanza, halafu ushike kitambaa kwa chini."

"Naishika... Imegoma. Basi acha, nimechoka. Nitakaa." Akashusha pumzi, na Fundi akamsikia akijisogeza mpaka akapata mahali pa kuegemea. "Hukunijibu. Nani atampeleka?"

Lile jibu la mazoezi likapotea lote. "Mimi, Mama. Huwa nampeleka. Nyumbani anaamka kila usiku, na kila usiku ananiuliza mama yake atarudi na basi gani. Nikishamrudisha kitandani silali tena."

Fundi, akiwa ameshaanza, akaogopa kuacha.

"Vifungo nakosea, ni kweli. Nywele namchana analia. Mama, sikwambii kwamba najua kulea. Sijui. Lakini usimchukue. Ukimchukua huyu mdogo nitabaki na yule mkubwa, na yule mkubwa ameshaanza kunilea mimi. Anaficha mkasi nisishone usiku. Anaonja chakula changu kabla sijala. Mpaka leo hajalia, hata chozi, anaogopa akilia mimi nitaanguka. Mdogo wake ndiye pekee anayemfanya acheke. Nakuomba."

"Kwa hiyo unajua kuongea," Matroni akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikaza kisabuni. "Miaka yote nilidhani binti yangu ameolewa na bubu mwenye adabu. Kama unajua kuongea, mbona tangu mwanangu azikwe hujanitumia salamu hata moja?"

"Mimi?"

"Wewe. Alipokuwa hai hukukosa wiki. Mkweo anakusalimia, mkweo anauliza presha imeshuka, mkweo anasema zile khanga chagua rangi unayopenda. Kila wiki! Nikajua nina mtoto wa kiume. Tukamzika, na salamu zikazikwa. Nikasema, basi, kumbe alikuwa ananiheshimu kwa ajili ya mkewe tu. Sasa mtoto mdogo hivi nitamwacha kwa mtu wa namna hiyo?"

Fundi alikaa mdomo wazi gizani. Alitafuta katika kumbukumbu zake zote swali lolote alilowahi kuuliza kuhusu presha ya mama mkwe. Hakukuwa na hata moja. Hakujua kama ana presha.

"Mama," akasema taratibu, "nitakwambia kweli. Nilikuwa nakutumia salamu sikukuu. Na ukiumwa. Zile za kila wiki... sikuzituma mimi. Na wewe, Mama? Wewe uliuliza mgongo wangu?"

"Mgongo wako umefanya nini?"

"Na ile ya kwamba niache kazi nipumzike?"

"Mimi? Nimwambie mwanamume mwenye familia aache kazi?"

Kisha kutoka kushoto ikatoka sauti ambayo Fundi aliidhani ni kilio, akaanza kuinuka. Kumbe Matroni alikuwa anacheka. Alicheka kwa kujizuia kwanza, halafu kizuizi chenyewe kikaanza kutikisika. "Alikuwa anatudanganya," akasema. "Wote wawili! Mtoto niliyemlea mwenyewe, nikamfundisha uongo ni dhambi!" Fundi naye kicheko kikampata, akakibana kwa mkono asimwamshe Kasuku, kikatokea puani, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, akayaacha.

"Namkumbuka binti yako, Mama," akasema.

"Najua, mwanangu," Matroni akasema, na sasa alikuwa analia kweli. "Na mimi nyumba yangu hainijibu. Yule mdogo anaongea kama alivyokuwa anaongea mama yake. Nilitaka tu niisikie ile sauti."

"Utaisikia. Njoo kila siku ukitaka. Pitia mlango wowote."

Matroni alipenga kamasi kwa kishindo cha bweni zima, na kishindo hicho, au sijui ni nini, kikaifanya zipu iachie.

Walipotoka, kila mmoja alitazama upande wake: Matroni magodoro, Fundi majiko. Kasuku alikuwa begani kwa baba yake, bado amelala, mate yakimtiririkia kwenye kola. Muuzaji akaja mbio, na Mwanasheria nyuma yake amekumbatia fungu la nguzo. Binti alimtazama Bibi, akamtazama Baba, akaona macho mekundu pande zote mbili, na mikono yake ikaanza kubana zile nguzo.

"Enhe, tumefikia wapi?" muuzaji akauliza. "Ni moja au mawili?"

Fundi akamshika Kasuku vizuri zaidi begani.

"Moja," Matroni akasema. "Hilihili. Mimi nitalala kushoto peke yangu, nakoroma. Wao watatu watalala kulia. Mtoto asitenganishwe na baba yake."

"Bibi," Mwanasheria akasema haraka, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko kawaida. "Unamaanisha kambini tu, au hata baada ya kambi?"

"Hata baada ya kambi."

"Na begi lake?"

"Libaki pale lilipo. Na wewe acha kuonja chakula cha baba yako. Hiyo ni kazi yangu."

Mwanasheria alifungua mdomo kutoa hoja nyingine, ikakosekana. Nguzo zikamporomoka mikononi moja baada ya nyingine. Akaketi chini, papo hapo kwenye majani ya plastiki, akaanza kulia kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto mdogo aliyepotea sokoni, na hakujali nani anamwona. Baba yake akapiga magoti upande mmoja akiwa na mdogo wake begani, bibi yake akapiga magoti upande wa pili, na katika kumkumbatia mikono ya wakwe wawili ikagongana, wala hakuna aliyeuondoa wake.

Muuzaji alisimama juu yao, amechanganyikiwa, akalitazama lile hema la kahawia, kisha akainama na kumgusa binti bega kwa huruma ya kweli.

"Usilie, mdogo wangu," akasema. "Lipo na la kijani."